Alama za ASVAB zikipungua kidogo: hatua za kuipata kazi unayoitaka katika Jeshi la Marekani

Wapo vijana wetu wenye grini kadi wanaoingia ofisi ya uandikishaji wakiwa na kazi moja kichwani, halafu wanatoka na nyingine kwenye mkataba. Wengi wao hawakufeli. Alama za kuingia jeshini walizipata. Za ile kazi waliyoitaka ndizo zilizopungua nne au sita, na hakuna aliyewaeleza kwamba pengo dogo kama hilo huzibika. Mwongozo huu ni wa kwao. Kama umeshafanya ASVAB, mtihani wa kuingia jeshini na kupangiwa kazi, au unakaribia kuifanya, na kazi unayoitaka inagombewa na wengi, soma hatua hizi kabla hujasaini chochote.

Nitatumia mfano wa kazi moja ya Jeshi la Nchi Kavu: 68W, tabibu wa vitani. Nimeichagua kwa sababu wengi wetu wanaotaka kuwa wauguzi au madaktari baadaye huiulizia sana. Kazi nyingine huwa na namba zake, ila njia ya kuzifikia ni ileile.

1. Tenganisha AFQT na alama za kazi

Mkanganyiko mkubwa huanzia hapa. ASVAB ni mtihani mmoja, lakini hutoa majibu ya aina mbili.

La kwanza ni AFQT, namba kati ya 1 na 99, na hii ndiyo inayoamua kama unaingia jeshini au la. Ukipata 52 haina maana kwamba umepata asilimia 52 ya maswali. Maana yake ni kwamba umelingana au umewapita 52 katika kila vijana 100 wa kundi la kulinganishia, vijana wa miaka 18 hadi 23 waliopimwa mwaka 1997. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, mwenye cheti cha sekondari anahitaji angalau 31. Mwenye GED, cheti cha mtihani mbadala wa sekondari, kwa kawaida hudaiwa zaidi, mara nyingi 50.

La pili ni alama za kazi. Jeshi huchanganya matokeo ya sehemu mbalimbali za mtihani kupata alama kama GT (uwezo wa jumla) na ST (stadi za kiufundi), na kila kazi huwa na kiwango chake. 68W inadai GT 107 na ST 101, zote mbili kwa pamoja. 17C, kazi ya kompyuta na vita vya mtandaoni, inadai GT 110 na ST 112. Ndiyo maana mtu mwenye AFQT 60, ambayo ni nzuri, anaweza kuambiwa kazi fulani haipo kwake, na mwenzake wa 55 akaipata.

Kwa hiyo mtu akikuambia "alama zako hazitoshi", muulize palepale: ni alama ipi, na inapungua kiasi gani? Asipokujibu kwa namba, bado hajakujibu.

2. Pata karatasi ya matokeo yote, uisome

Usiridhike na AFQT peke yake. Mwombe mwandikishaji karatasi inayoonyesha kila sehemu: GS ni sayansi ya jumla, AR hesabu za maelezo, WK msamiati, PC ufahamu, MK hisabati, EI umeme, AS magari na karakana, MC mitambo, AO kuunganisha maumbo. Kila sehemu imepimwa kwa kipimo ambacho wastani wake ni 50.

Chukua mfano wa kijana aliyesoma hadi Kidato cha Nne nyumbani, kisha akahamia Marekani. Karatasi yake inasema: WK 44, PC 49, AR 54, MK 58, GS 51, MC 43. GT yake imegota 101, na ST ni 100. Anahitaji sita kwenye GT na moja kwenye ST. Akitazama harakaharaka atasema, "Basi nikasome hesabu." Sivyo. Hesabu ndizo zilizombeba.

Mambo yako hivi. WK na PC huunganishwa kuwa alama moja inayoitwa VE. GT hutokana na VE na AR. ST hutokana na GS, VE, MK na MC. Na kwenye AFQT, VE huhesabiwa mara mbili, kisha huongezwa AR na MK. Kwa maneno mengine, kila pointi unayoiongeza kwenye Kiingereza huvuta namba tatu kwa mpigo: AFQT, GT na ST. Hakuna sehemu nyingine yenye nguvu hiyo, na ndiyo sehemu ambayo sisi tuliosomea Kiswahili, au Kifaransa, au Kiingereza cha darasani tu, huachia alama nyingi zaidi.

Andika kwenye karatasi yako: kazi ninayoitaka, alama inazodai, nilizonazo, sehemu zinazojenga alama hizo. Mistari minne tu, lakini ndiyo itakayokuongoza usome nini na uache nini. Kijana wa mfano wetu hana haja ya kupoteza jioni zake akisoma magari na AO. Kwake ni VE kwanza, AR ya pili, na MC kidogo kwa ajili ya ile pointi moja ya ST.

3. Usikimbilie kurudia

Kurudia mtihani kuna masharti. Baada ya mara ya kwanza unasubiri mwezi mmoja wa kalenda. Baada ya mara ya pili, mwezi mwingine. Kuanzia hapo ni miezi sita kila mara. Matokeo hudumu miaka miwili.

Sharti linalowaumiza wengi ni hili: matokeo yanayotumika ni ya mwisho, hata kama yameshuka. Hakuna kuchagua yaliyo bora. Mtu mwenye GT 105 anayerudia bila kujiandaa anaweza kutoka na 99, na ile 105 ikawa imekwenda.

Jingine ni kwamba ruhusa ya kurudia haiko mikononi mwako. Kama AFQT yako inatosha, huenda ukaambiwa kwamba kutaka kazi bora zaidi si sababu ya kutosha ya kurudishwa mtihanini. Kanuni hizi hutofautiana kati ya jeshi na jeshi na hubadilika kadiri wanavyohitaji watu, hivyo uliza mapema na upate jibu la wazi kabla hujaapa kiapo cha kwanza. Ukishaingia kwenye orodha ya wanaosubiri kuondoka, kurudia huwa kugumu zaidi.

Na ukipanda ghafla, alama 20 au zaidi za AFQT ndani ya miezi sita, unaweza kutakiwa kufanya mtihani wa kuthibitisha. Usiogope. Kama umesoma kweli, utaifanya tena.

4. Kama hujaufanya kabisa, una nafasi ambayo wengine wameshaipoteza

Mwulize mwandikishaji kuhusu PiCAT. Huu ni mtihani wenye sehemu zilezile, ila unaufanya nyumbani kwa kompyuta, na hauna saa inayokukimbiza kila sehemu. Ukishaanza una muda maalumu wa kumaliza, hivyo uulize mapema. Kwa mtu anayesoma Kiingereza polepole lakini anaelewa, tofauti ni kubwa mno. Baadaye utakwenda MEPS, kituo cha kupimwa na kuandikishwa, na kufanya mtihani mfupi wa uthibitisho ukiwa unasimamiwa. Alama zikilingana, zile za nyumbani ndizo zako.

Mambo mawili. PiCAT ni kwa asiyewahi kufanya ASVAB. Ukishafanya ile ya kawaida mlango umefungwa. Na usimwite binamu anayesoma uhandisi aje akufanyie. Mtihani wa uthibitisho umewekwa kwa ajili hiyohiyo, na ukishindwa utafanya ASVAB nzima palepale, bila kujiandaa.

Wazazi wenye watoto sekondari nchini Marekani nao wajue: shule nyingi hutoa ASVAB bure, na matokeo ya mwanafunzi wa darasa la 11 au 12 yanaweza kutumika kujiandikisha ndani ya miaka miwili. Mwanafunzi asiende kuifanya kama mchezo kwa sababu tu imemtoa darasani.

5. Soma kwa kulenga pengo

Jipe wiki nane hadi kumi na mbili, kila siku, hata kama ni saa moja na nusu baada ya zamu ya kazi. Kadi ya maktaba ya kaunti ni ya bure na maktaba nyingi zina vitabu vya ASVAB na majaribio ya mtandaoni. Khan Academy inatosha kabisa kwa hisabati. Vyuo vya jamii na vituo vya elimu ya watu wazima hutoa madarasa ya Kiingereza, mengi bila malipo.

*Msamiati.* WK ina maswali 15 kwa dakika 9 kwenye kompyuta, hivyo hakuna muda wa kutafakari. Unapewa neno, unachagua lenye maana ya karibu. Kosa la kawaida ni kubahatisha kwa sauti ya neno. Ukiona *candid* na majibu yakawa *sweet*, *honest*, *hidden* na *bright*, aliyezoea *candy* atakimbilia *sweet*. Jibu ni *honest*. Kwa hiyo jifunze maneno kumi kwa siku, na kwenye daftari lako usiandike tafsiri ya Kiswahili. Andika visawe viwili vya Kiingereza na sentensi moja, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyoulizwa. Jifunze pia mizizi: *bene* hubeba wema, *mal* ubaya, *cred* kuamini, *dict* kusema. Mzizi mmoja hufungua maneno matano au sita usiyowahi kuyaona.

Ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wana hazina hapa na wengi hawaijui. Maneno yanayowatisha wengine kwenye WK, kama *arduous*, *tardy* au *verdant*, ni jamaa wa *ardu*, *tard* na *vert*. Aliyesoma Bukavu au Lubumbashi aanze na maneno ya aina hiyo, atashangaa.

*Ufahamu.* Soma swali kwanza, kisha kifungu. Jibu linatoka kwenye kifungu, si kwenye akili yako. Hapa ndipo watu werevu hukosa, kwa kuwa wanachagua lililo kweli duniani badala ya lililosemwa na mwandishi. Soma habari moja ya gazeti la Kiingereza kila asubuhi, funga, kisha ieleze kwa sentensi moja.

*Hesabu za maelezo.* Sisi tulikua na mita, kilo na lita, na mtihani huu ni wa futi na galoni. Kariri hadi zitoke zenyewe: futi 1 ni inchi 12, yadi 1 ni futi 3, maili 1 ni futi 5,280, pauni 1 ni aunsi 16, galoni 1 ni kwati 4, kwati 1 ni painti 2. Jua pia dazani, na sarafu zao: *nickel* senti 5, *dime* senti 10, *quarter* senti 25.

Tazama swali kama hili. Chumba kina futi 12 kwa 15. Zulia linauzwa dola 30 kwa yadi ya mraba. Litagharimu kiasi gani? Futi za mraba ni 180. Aliyekariri kwamba yadi ni futi 3 atagawanya kwa 3, apate 60, azidishe kwa 30, na kupata dola 1,800. Na hakika 1,800 itakuwapo kwenye majibu, inamsubiri. Lakini yadi ya mraba ni futi 3 kwa 3, yaani futi 9 za mraba. 180 kwa 9 ni 20, mara 30 ni dola 600. Unaona kwamba hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kilichopimwa ni kusoma na kuchora. Kwa hiyo chora kila swali la umbo, andika vipimo, ndipo ukokotoe, kwa kalamu na karatasi na si kwa simu. AR ina maswali 15 na dakika 55, muda wa kuchora upo.

*Sayansi na mitambo.* Aliyesoma fizikia na baiolojia za sekondari zetu hana haja ya kuanza upya. Rudia nyenzo, kapi, gia na shinikizo, pamoja na majina ya Kiingereza ya viungo vya mwili. Siku chache zinatosha kupata ile pointi moja au mbili.

Kila baada ya wiki mbili fanya jaribio kamili kwa saa. Usiombe tarehe ya mtihani mpaka majaribio mawili mfululizo yakupe nafuu ya wazi kwenye sehemu zako dhaifu.

6. Siku ya mtihani

Kwenye kompyuta mtihani hukufuata: ukipata, swali linalofuata huwa gumu zaidi, ukikosa, huwa jepesi. Maswali yakizidi ugumu, ni dalili njema. Huwezi kurudi nyuma, hivyo hakiki jibu kabla ya kulithibitisha. Sehemu usiyoimaliza hukatwa kana kwamba maswali yaliyobaki ulibahatisha, lakini kubonyeza ovyoovyo maswali mengi mwishoni nako hushusha alama sana. Dakika zikikaribia kuisha, soma yale utakayoweza na uyajibu kwa haki.

Lala mapema. Mara nyingi utachukuliwa alfajiri, na vipimo vya afya vinaweza kufuata baada ya mtihani. Kula.

7. Karatasi zako

Alama zinaweza kutosha na kazi ikakukimbia kwa sababu ya cheti. Cheti cha KCSE au cha Kidato cha Nne au cha Sita kinahitaji kutathminiwa na taasisi inayotambulika Marekani; taasisi zilizo chini ya NACES, umoja wa watathmini wa vyeti vya kigeni, hukubaliwa kwa upana. Anza mapema, kwa kuwa kupata nakala kutoka nyumbani huchukua muda. Kama una GED tu, vipindi vya chuo vyenye jumla ya krediti 15 hukupandisha daraja, uhesabiwe sawa na mwenye diploma ya sekondari, na vitakunoa Kiingereza pia.

Mwenye grini kadi anaweza kujiandikisha, lakini kazi za ujasusi na nyingi za kompyuta zinadai uraia. Ukiambiwa hupati kazi fulani, hakikisha kama kikwazo ni alama au ni uraia, kwa maana tiba zake ni tofauti. Utumishi wenyewe hufungua njia ya uraia bila ada ya maombi, kwa fomu N-400 ya kuomba uraia, ikiambatana na N-426 ya utumishi wako inayothibitishwa na jeshi.

8. Kama bado hazijafika

Kwanza, subiri. Kama huna dharura ya kipato, miezi mitatu ya kusoma ni bora kuliko miaka minne ya kazi usiyoipenda. Naamini hili kabisa, ingawa najua kodi ya nyumba haisubiri mtu.

Pili, tangu Agosti 2022 Jeshi la Nchi Kavu lina kozi ya maandalizi huko Fort Jackson, South Carolina. Ilianzishwa kwa walio chini kidogo ya kiwango cha kuingia, kisha ikafunguliwa pia kwa walio juu yake lakini chini ya AFQT 50. Kozi ya masomo huchukua hadi siku 90, na wanafunzi hupimwa tena kila baada ya wiki tatu. Aliyepanda daraja anaweza kupata nafasi ya kujadili upya mkataba wake. Jeshi la Wanamaji lilianzisha yake mwaka 2023 huko Great Lakes. Uliza kwa maandishi: nikipanda, kazi yangu itabadilika vipi?

Tatu, Walinzi wa Taifa (National Guard) na Jeshi la Akiba (Reserve). Huko kazi hutegemea kikosi kilicho karibu nawe. Kama kikosi cha jimbo lako kinahitaji 68W, mwandikishaji wake atakuwa na hamu kubwa ya kukusaidia kujiandaa kuliko yule mwenye foleni.

Nne, ukiwa tayari ndani, Jeshi la Nchi Kavu lina BSEP, programu ya kuimarisha masomo ya msingi, kwa askari wenye GT chini ya 110. Unasoma, kisha unafanya AFCT, ambayo ni ASVAB ya walio kazini, na ukipanda unaweza kuomba kubadilisha kazi. Ni njia ya kweli, wengi wameipita, lakini inategemea nafasi na ruhusa ya wakubwa wako. Mtu akikuambia, "Wewe ingia tu, utabadilisha baadaye," jua kwamba hilo si ahadi ya mtu yeyote.

Kwa habari ya msamaha wa alama za kazi, usijenge mpango wako juu yake. Hasa kwa 68W. Mafunzo yake ni wiki 16 huko Fort Sam Houston, San Antonio, na ndani yake kuna mtihani wa kitaifa wa EMT, yaani wa watoa huduma ya dharura, ambao ni Kiingereza kizito kinachosomwa kwa kasi. Asiyeufaulu huondolewa na kupangiwa kazi nyingine. Kiingereza ulichokijenga kwa ajili ya GT ndicho kitakachokubakiza darasani.

9. Mbele ya mshauri wa kazi

Pale MEPS utakaa na mshauri mwenye kompyuta inayoonyesha nafasi za siku hiyo. Alama zako zinaweza kutosha na nafasi ikawa haipo. Nafasi huja na kuondoka, pengine wiki kwa wiki. Atakuonyesha kazi nyingine, huenda ina bonasi na tarehe ya karibu. Una haki ya kusema, kwa heshima, "Afande, nitasubiri 68W ifunguke," na kwenda nyumbani bila kusaini.

Ukisaini, hakikisha haya yameandikwa kwenye mkataba na viambatisho vyake: namba ya kazi, muda wa utumishi, bonasi kama ipo, na tarehe ya kuondoka. Kilichosemwa kwa mdomo hakimo. Omba nakala na uipige picha. Siku ya kuondoka, kabla ya kiapo cha pili, utapewa karatasi uzipitie tena; linganisha namba ya kazi na ile ya kwenye picha yako, na kama imebadilika usiape mpaka irekebishwe.